Mrina Asali na Kamba Yake: Jinsi ya Kupanda Mti na Kushuka Salama

Kila mkulima wa Machakos anajua ya kuwa asali nzuri haipatikani chini. Ukipita Yatta, Mwala au Masinga, na ukiendelea mpaka Makueni na Kitui, utaona mizinga ya magogo imetundikwa juu ya migunga, mikwaju na miti mingine mirefu. Mzinga huo kwa Kikamba huitwa mwatu, na mingi huitwa miatu. Ni mali ya mtu, hurithiwa na watoto wake, na katika mwaka wa mvua nzuri huleta fedha za karo bila mkulima kulima hata shimo moja.

Lakini mali hiyo ina deni lake. Mtu anayerina asali hupanda mita sita, nane au zaidi, mara nyingi usiku, huku mkono mmoja umeshika moto na mwingine umeshika tawi. Akiteleza, anayeumia si yeye peke yake. Ng'ombe wa kulimia hukosa mshikaji, matuta hukosa mtu wa kuyatengeneza kabla ya mvua, na mama wa nyumba huwa muuguzi wa mgonjwa mwaka mzima. Uti wa mgongo ukivunjika, ndoo ya asali haiwezi kulipa hasara hiyo.

Makala haya yataeleza jinsi mkulima anavyoweza kupanda mti, kufanya kazi yake na kushuka akiwa mzima, kwa kutumia tandiko la kupandia na kamba. Neno kubwa ni moja tu, nasi tutalirudia: tangu mguu uondoke ardhini mpaka urudi ardhini, mwili wako uwe umefungwa kwenye mti.

KWA NINI MIZINGA IKO JUU

Wazee hawakutundika mizinga juu kwa kupenda hatari. Walikuwa na sababu. Nyegere anapenda asali kuliko mnyama ye yote, naye akiupata mzinga ulio chini huuvunja. Siafu huwashambulia nyuki. Ng'ombe na mbuzi hujikuna kwenye mzinga na kuuangusha. Tena kuna wezi. Kwa hiyo mzinga ulipandishwa mahali ambapo mwizi atafikiri mara mbili.

Wakamba si peke yao katika kazi hii. Waogiek wa msitu wa Mau hupanda miti mirefu kutundika mizinga yao. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, hupigilia vigingi vya mti katika shina la mbuyu, kimoja juu ya kingine, wakavipanda kama ngazi mpaka kwenye tundu la nyuki. Huko pwani mkwezi hupanda mnazi, na Unguja na Pemba wachumaji hupanda mikarafuu. Watu wote hawa wana ustadi wa kusifiwa. Lakini ustadi wa mikono na miguu haumzuii mtu kuanguka siku tawi linapokatika.

Zamani wawindaji wa Ukambani nao walipanda miti, wakakaa juu karibu na maji na kungojea wanyama kwa upinde na mishale. Kazi hiyo imekwisha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2013 inaendelea kuukataza. Mrina asali ndiye aliyebaki juu ya mti kwa haki.

Hata hivyo liko jambo ambalo tunaweza kujifunza kwa wawindaji wa nchi nyingine. Huko Marekani, ambako kuwinda paa kunaruhusiwa katika majira maalum, wawindaji wengi hukaa juu ya mti. Wengi waliumia kwa kuanguka, na wakati wa hatari zaidi ulikuwa ule wa kupanda na kushuka. Basi baadhi yao wakaanza kutumia tandiko: mkanda mpana unaoshika makalio na mapaja, wenye kamba mbili. Kamba moja huzunguka shina wakati wa kupanda, na nyingine humshikilia mtu akiwa amefika juu. Mrina asali anaweza kutumia njia hiyo hiyo.

Usifikiri ya kuwa ni jambo geni. Mtazame fundi wa stima aliye juu ya nguzo. Amejifunga mkanda unaozunguka nguzo, akaegemea nyuma, na mikono yake yote miwili inafanya kazi.

JINSI MTU ANAVYOANGUKA

Mzee mmoja alifika ofisini kuuliza habari za mizinga, na mazungumzo yakafika kwenye kamba. Akasema, "Mwanangu, baba yangu alirina asali miaka arobaini bila kujifunga. Kamba ni ya mbuzi."

Akajibiwa, "Ni kweli, mzee. Na wale aliopanda nao, wote walizeeka?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akahesabu kwa vidole. Wawili walianguka. Mmoja alikufa siku hiyo hiyo, na mwingine alitembea kwa mkongojo mpaka mwisho.

Basi tuangalie hesabu ya kuanguka. Mtu anayeanguka kutoka mita 5 hufika chini kwa muda wa sekunde moja, naye huwa na mwendo wa kama kilometa 35 kwa saa. Akianguka kutoka mita 10, huchukua chini ya sekunde moja na nusu, na mwendo wake hufika kilometa 50 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani. Hakuna mkono wenye wepesi wa kushika tawi kwa muda huo.

Mambo yanayomwangusha mrina asali ni haya:

Kwanza, tawi kavu au lililoliwa na mchwa.

Pili, gome lililolowa kwa mvua au umande.

Tatu, nyuki. Mtu akichomwa usoni, mkono huachia wenyewe kabla hajafikiri.

Nne, uzito wa mzinga au ndoo unaomvuta upande mmoja.

Tano, uchovu na pombe. Aliyekunywa asipande, hata kama ni fundi wa siku nyingi.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Tandiko. Usijifunge kamba kiunoni peke yake. Mtu akianguka katika kamba ya kiuno, huminywa mbavu na tumbo, na huweza kupinduka kichwa chini. Tandiko jema lina mkanda wa kiuno na mikanda ya mapaja, na mbele lina pete ya kufungia kamba. Kwa anayeanza kujifunza, lenye mikanda ya mabegani pia ni bora zaidi, maana humzuia kupinduka. Nunua lililotengenezwa kiwandani kwa kazi ya kupanda. Angalia kitambulisho kilichoshonwa juu yake: alama EN 813 ni ya tandiko la kukalia, na EN 358 ni ya mkanda wa kujishikilia kwenye nguzo au shina. Usishone tandiko la nyumbani kwa gunia au mikanda ya gari bovu, kwa sababu uzi ukikatika hakuna wa kukuambia mapema.

Kamba kuu. Hii ndiyo inayoshika maisha yako. Iwe ya nailoni, unene wa milimita 12, na urefu wake uwe mara tatu ya kimo cha tawi itakayopitia. Tawi likiwa mita 8 juu, kamba iwe mita 24, na nyongeza ya kutosha kwa mafundo na kwa mizunguko ya chini ya mti.

Kamba ya shina. Iwe na urefu wa mita mbili na nusu au tatu, kulingana na unene wa mti. Huzunguka shina na kufungwa kwenye pete mbili za pembeni za mkanda wa kiuno.

Kitanzi cha kushika. Hiki ni kitanzi cha kamba nyembamba ya milimita 8, nacho hufungwa juu ya kamba kuu. Tutaeleza kazi yake hapa chini.

Pete za chuma zenye mlango wa skrubu. Zinunuliwe kwa wauzaji wa vyombo vya kupandia. Pete za kufungia mbwa au za minyororo ya ng'ombe hazifai, hata zikionekana nene.

Kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, wavu wa uso, glavu, gambuti na bomba la moshi. Na mtu wa pili. Mtu wa pili ni chombo cha lazima kama kamba yenyewe, naye avae nguo za kujikinga na nyuki.

HABARI ZA KAMBA

Wakulima wengi huuliza, "Kwa nini nisitumie kamba ya katani? Ninayo nyumbani." Katani ni kamba njema kwa kufunga mizigo. Lakini kamba mpya ya katani ya milimita 12 hukatika kwa uzito wa karibu kilo 1,000, na ya nailoni ya unene huo huo huhimili karibu kilo 3,000. Tena katani huoza ndani kwa unyevu huku nje inaonekana nzima. Kila fundo nalo hupunguza nguvu ya kamba, na mtu anayeanguka ghafula huivuta kwa nguvu zaidi ya uzito wake mara kadhaa. Kwa hiyo nguvu iliyoandikwa dukani si nguvu utakayoipata juu ya mti.

Zile kamba ngumu za plastiki za rangi ya buluu au ya machungwa nazo zisitumiwe kupandia. Jua huziharibu upesi, na zikisuguana huyeyuka.

Kamba ya kupandia iwe ya kupandia tu. Usifungie fahali, usitekee maji, usivutie gari. Ihifadhi ndani ya mfuko, mbali na jua, panya, na hasa maji ya betri. Kabla ya kila safari ya mtini, ipitishe yote mkononi polepole, kutoka ncha moja mpaka nyingine. Ukiona imekatika nyuzi, imekakamaa, imelainika mahali pamoja kuliko pengine, au ina alama ya kuungua, usibishane nayo. Ikate vipande ili mtu mwingine asije akaitumia kupandia.

KABLA YA KUPANDA

Zunguka mti wote kwa mchana. Tazama shina kwa nyufa, uyoga, matundu na njia za mchwa. Gonga kwa nyundo au kwa mgongo wa shoka. Mti ulio tupu ndani hulia kama ngoma. Mti uliokufa usipande kamwe. Mbuyu una shina kubwa, lakini mti wake ni laini, na matawi yake yasiaminiwe kwa ukubwa wa macho. Angalia pia nyaya za stima. Ikiwa waya unapita karibu na matawi, mti huo si wako kupanda, na mzinga uhamishwe na mafundi wenye ruhusa.

Usipande wakati wa mvua, upepo mkali au radi. Kwetu maua hufuata mvua na asali hufuata maua, basi ngoja gome likauke. Asali haitakimbia kwa siku mbili.

Kisha chagua tawi la kupitishia kamba kuu. Liwe bichi, liwe juu ya mahali utakapofanyia kazi, na unene wake karibu na shina usipungue paja la mtu mzima. Funga jiwe dogo au kifuko cha mchanga kwenye uzi mwembamba, ukirushe kipite juu ya tawi karibu kabisa na shina, halafu vuta kamba kuu kwa uzi huo.

Sasa ncha moja ya kamba kuu inaning'inia kandokando ya shina. Upande wa pili uzungushwe chini ya mti mara nne au tano, kisha ufungwe imara, na ile sehemu inayobaki iachwe hapo chini bila kukatwa. Sehemu hiyo ndiyo ya kuokolea, kama tutakavyoona. Mwisho, watu wawili washike upande unaoning'inia na kuuvuta kwa uzito wao wote. Tawi likilia au kutikisika vibaya, tafuta jingine. Ni afadhali livunjike ninyi mkiwa chini. Kumbukeni ya kuwa tawi hubeba karibu mara mbili ya uzito wa mpandaji, maana kamba huvuta pande zote mbili.

KITANZI CHA KUSHIKA

Fundo hili hujulikana kwa jina la Karl Prusik, mtu wa Austria aliyelieleza mwaka 1931, nalo hutumiwa na wapanda milima duniani kote. Chukua kitanzi cha kamba nyembamba, kizungushe kamba kuu mara tatu, kila mara ukipitisha ndani ya kitanzi chenyewe, halafu kaza mizunguko ilale sawasawa bila kupandana. Kitanzi hicho kifungwe kwenye pete ya mbele ya tandiko kwa pete ya chuma.

Ukikisukuma kwa mkono wakati hakina uzito, huteleza juu au chini. Uzito ukikiangukia, huiuma kamba na kukwama hapo hapo. Lakini shika sana neno hili: ukiteleza, usikishike kitanzi kwa mkono. Mkono wako utakizuia kuuma, nawe utashuka nacho mpaka chini. Kiachie kifanye kazi yake.

Kitanzi kiwe cha nailoni na kisiwe kirefu; kikivutwa, mkono wako ukifikie bila kunyoosha bega. Kama hujui kuunga ncha zake vizuri, nunua kilichoshonwa kiwandani.

KUPANDA

1. Vaa tandiko ukiwa chini, na mtu wa pili akague kila mkanda na kila pete. Naye aseme kwa sauti, "Imefungwa." Jambo hili lisiachwe hata kama mmefanya kazi pamoja miaka kumi.

2. Funga kitanzi cha kushika kwenye kamba kuu, na kamba ya shina izunguke mti. Ukalie tandiko kwa kitambo, miguu ikiwa karibu na ardhi, uone kama vyote vinashika.

3. Panda kwa miguu na mikono, au kwa ngazi iliyofungwa kwenye mti. Kila baada ya hatua, sukuma kitanzi juu. Kisiwe chini ya kifua chako. Kamba iliyolegea ni kuanguka kunakongoja wakati wake.

4. Ukikutana na tawi, kamba ya shina haitapita. Hapo ifungue, ipitishe juu ya tawi, uifunge tena. Wakati huo kitanzi cha kushika kimekaza. Sheria ni hii: moja ikifunguliwa, nyingine imefungwa. Kamba zote mbili zisifunguliwe pamoja hata kwa kupepesa jicho.

5. Kamba ya shina peke yake haitoshi. Hukuwezesha kuegemea na kuwa na mikono huru, lakini miguu ikiteleza yaweza kuteremka na shina pamoja nawe. Kamba kuu ndiyo inayokuzuia.

6. Wakati wa kushuka fanya vivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Usiharakishe kwa kuwa kazi imekwisha. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka; hawakusema ataruka.

KUFANYA KAZI JUU

Ukifika, kaa ndani ya tandiko, miguu ikisukuma shina, na mzinga uwe kando yako. Usikae chini yake. Panga au kisu kifungwe kwa uzi kwenye mkanda. Kumbuka kamba iliyokazwa hukatika kwa kuguswa kidogo tu na makali, basi usikate cho chote karibu nayo.

Moto ni hatari nyingine. Mienge ya zamani hudondosha makaa, na kaa moja likiangukia kamba ya nailoni huiyeyusha. Tumia bomba la moshi lenye kifuniko. Njia hii pia inaokoa nyuki, na majani makavu hayashiki moto.

Nyuki wetu ni wakali, nao wakichoma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzao. Kwa hiyo ukichomwa, pulizia moshi hapo hapo mahali pa mwiba. Wakizidi, funga mzinga na ushuke kwa utaratibu. Usifungue kamba kwa sababu ya nyuki. Nyuki kumi wataumiza, ardhi itaua.

Mkizoea kurina usiku, fanyeni mazoezi ya kamba mchana kwanza, tena kwa kimo cha mita moja tu, mpaka mikono iyajue mafundo bila macho. Tumieni taa ya kuvaa kichwani, si ya kushika mkononi.

Asali ishushwe kwa ndoo na kamba yake mbali; isifungwe kwenye mwili wa mpandaji. Mzinga mzima ukishushwa, kamba yake ipitishwe juu ya tawi na kuzungushwa mara mbili au tatu kwenye shina la mti mwingine, ili mtu wa chini auteremshe taratibu akiwa amevaa glavu. Asisimame mtu ye yote chini ya mzinga, na watoto wawe mbali kabisa.

MTU AKIBAKI ANANING'INIA

Siku nyingine kamba itafanya kazi yake, lakini mtu atabaki ananing'inia, ameumia au amezimia. Asiachwe hapo huku watu wakitafuta gari. Mtu anayening'inia bila kusogea, damu hujikusanya miguuni, na aweza kufa kwa muda mfupi, pengine bila jeraha lo lote. Kama ana fahamu, aisogeze miguu, aisukume kwenye shina, au aikanyagishe katika kitanzi cha kamba.

Hapo ndipo ile kamba ya ziada inapookoa. Mtu wa chini ahakikishe kamba ya shina imefunguliwa au imelegea. Kisha afungue fundo la chini bila kuondoa mizunguko, na kuilegeza kamba polepole kuzunguka shina mpaka mwenzake afike ardhini. Mfanye mazoezi ya jambo hili kabla ya msimu, mkitumia gunia la mchanga lenye uzito wa mtu.

Aliyeanguka chini asiinuliwe wala kukalishwa. Shingo na mgongo wake visipindwe. Alazwe juu ya ubao au mlango, afunikwe, na apelekwe hospitali. Simu ya msaada ni 999 au 112.

MWETHYA WA KAMBA

Mkulima atasema, "Vyombo hivi ni ghali kwa mtu mmoja." Ni kweli. Lakini mkulima mmoja harini asali kila siku. Huku kwetu tuna mwethya. Mwethya ndio uliochimba matuta ya fanya juu katika milima yetu, kazi ambayo hakuna mtu angeimaliza peke yake. Kikundi kile kile cha wakulima wa skimu kinaweza kununua tandiko moja, kamba moja na pete zake, vikawekwa kwa mtu mwaminifu, na kila anayevichukua akaandika jina na tarehe katika daftari. Katika daftari hilo ziandikwe pia siku kamba ilipokaguliwa na jambo lo lote lililoipata. Kamba isiyo na historia isipandishwe mtini.

Mwombeni Bwana Shamba awatafutie mtu anayejua kazi hii awafundishe kwa siku moja. Maandishi husaidia, lakini fundo hujifunzwa kwa mikono.

PUNGUZENI KUPANDA

Mwisho, fikirini kama kila mzinga lazima uwe juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, ulitengenezwa mzinga wa vipande vya juu, ambao sasa unajulikana katika nchi nyingi kwa jina la mzinga wa Kenya. Hutundikwa kwa waya kati ya nguzo au miti miwili, kwa kimo cha kiuno au kifua. Waya humpa nyegere shida, na grisi iliyopakwa juu yake huwazuia siafu. Mrinaji husimama ardhini, hutoa masega yaliyoiva tu, na kuwaachia nyuki watoto wao. Mama wa nyumba na mzee asiyeweza tena kupanda wanaweza kuufanyia kazi.

Mkulima mwenye miatu ishirini si lazima aiache yote kwa siku moja. Aanze na ile iliyo katika miti mibaya: mti mkavu, mti wenye nyufa, mti ulio karibu na stima. Makundi hayo ya nyuki yahamishiwe chini. Ile inayobaki katika miti imara, apande kwa tandiko na kamba.

Husemwa fuata nyuki ule asali. Kabla ya msimu ujao, kila kikundi kifanye mambo matatu: kihesabu mizinga yake na kuweka alama kwenye miti isiyofaa, kikague kamba zote na kutupa mbovu, na kichague watu wawili wawili watakaopanda na kushikiana kamba. Majina yao yaandikwe katika daftari kabla maua ya mgunga hayajafunguka.